Ushuhuda kabla ya ushahidi: kisa cha binti mmoja katika makao ya Kikristo, Tabora

Jioni ya kwanza, binti akiwa bado na vumbi la barabara ya Kaliua miguuni, mama mchungaji alimshika mabega akamuuliza, "Mwanangu, umeokoka?"

"Ndiyo, mama," binti akajibu. "Waliniokoa leo asubuhi, kwa bodaboda."

Wasichana waliokuwa wakipakua chakula walicheka hadi mmoja akaangusha upawa. Mama mchungaji naye alicheka, akamkumbatia, akamwambia hayo mengine wataongea akishapumzika.

Kicheko hicho kimo kwenye jalada. Mama mlezi wa zamu alikiandika kwenye daftari lake la usiku, kati ya idadi ya mablanketi na majina ya dawa, na nilipolisoma baadaye nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye hukumu. Kiswahili chetu kina mtego wake. Kuokolewa na kuokoka ni majirani wa ukuta mmoja. Ushuhuda na ushahidi wamenyonya ziwa moja. Aliyeokoka husimama kanisani akatoa ushuhuda. Aliyetendewa jinai husimama mahakamani akatoa ushahidi. Makao yale yalimpokea binti vizuri kuliko nyumba nyingi ninazozijua, kisha yakamtoza ushuhuda kabla hajatoa ushahidi, na kesi nusura ife.

Niseme ninavyoingia humu. Nimesomea ustawi wa jamii, nimezunguka makao ya watoto ya Tabora na Kigoma kwa miaka, na ni muumini. Nakaa viti vya nyuma, lakini nakaa. Hukumu ilipotoka bodi ya makao iliniita nipitie jalada na niwaambie walipoteleza. Wameridhia niandike kwa masharti ambayo hata wasingeyaweka ningeyaweka mwenyewe: jina la binti halimo, la makao halimo, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza.

Shangazi asiye shangazi

Binti alitoka kijiji kimoja cha Kasulu. Miaka 14, darasa la sita. Mama analima mihogo na maharage. Baba alikwenda Uvinza kwenye chumvi, na habari zake zilikuja mara mbili halafu zikakatika. Mwezi wa tatu alifika mwanamke wa kijiji cha jirani, aliyewahi kuwasaidia kwenye msiba. Wote walimwita shangazi. Kwetu mwanamke wa rika la baba yako humwiti jina lake, na mtu uliyemwita shangazi huwezi tena kumuuliza kitambulisho.

Alikuwa na kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa, upande wa Kaliua. Shilingi elfu thelathini kwa mwezi, na mwaka ukiisha cherehani. Mama akaachiwa elfu ishirini "ya sabuni". Waliondoka kabla jogoo hajawika, wakapita Uvinza, wakavuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete, wakaingia nchi ya tumbaku.

Njia hiyo ni ya zamani kuliko lami yake. Misafara ya watumwa na pembe ilitoka Ujiji kwenda Tabora na kuendelea hadi Bagamoyo, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikwenda mbali sana na nyayo zake. Wamisionari wa Afrika, hao tunaowaita Mapadre Weupe, walipofika Ujiji mwaka 1879 walianza kuwakomboa watoto kwa kuwanunua kutoka kwa waliowamiliki, kisha wakawalea misheni. Kwa hiyo nyumba ya Kikristo ya kumhifadhi mtoto aliyeokolewa haikuja na wafadhili wa juzi. Swali lake gumu nalo halikuja juzi: mtoto uliyemkomboa ni wa nani?

Cherehani haikuonekana. Masoko ya tumbaku yalipofunguka na wakulima wakaanza kushika fedha, mgahawa ulikuwa haufungwi mpaka usiku wa manane. Binti alilala stoo, juu ya magunia ya mkaa yaliyokung'utwa. Mshahara ulikuwa "nakutunzia". Mwenye mgahawa alikuja kuwaambia polisi kwamba mtoto ana miaka 14 na sheria inaruhusu. Nusu ya kweli hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu wa miaka 14 kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule, na inakataza kumfanyisha kazi usiku. Alichokuwa akifanya binti kilivunja vyote viwili kabla hata hatujafika kwenye jinai yenyewe.

Jinai ilitendwa na ndugu wa mwenye mgahawa, aliyepanga chumba cha nyuma. Sitaandika alichomtenda. Kimo kwenye jalada, na huko kinatosha.

Aliyeona ni mama mmoja muuza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Aliona binti hawezi kuinua ndoo aliyoiinua wiki iliyopita. Akamsogelea, akamsalimia kwa Kiha, kwa kuwa naye kwao ni huko. Mtoto ambaye miezi mitatu hajasikia lugha ya mama yake akapigiwa "mwakeye" pembeni ya karai la vyombo. Alilia, na mama hakuhitaji kuuliza mengi. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akamwita mtendaji, mtendaji akapiga simu dawati la jinsia na watoto la polisi. Sheria inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke serikali ya mtaa. Mama yule hajawahi kuisoma. Alifunga biashara siku nzima na hakuna aliyemlipa.

Bahasha za ujenzi

Sasa nimsifu mama mlezi, maana katika uchambuzi wa namna hii watu wazuri hupitwa haraka.

Binti alifika makaoni Ijumaa saa moja jioni. Swali la kwanza la mama mlezi lilikuwa, "Umekula?" La pili, wakiwa wawili tu bafuni, lilikuwa, "Mara ya mwisho ilikuwa lini?" Jumatano usiku. Akahesabu kwa vidole: siku mbili hazijatimia. Alijua jambo ambalo wajumbe wawili wa bodi walikuwa hawalijui hadi nilipowaambia: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, ya kuzuia mimba ina saa 120. Usiku uleule walipanda bajaji kwenda hospitali. Mapokezi wakadai PF3, fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe. Fomu ilikuwa imebaki kwa askari aliyefungua jalada, kilomita nyingi kutoka pale.

"Fomu nitaileta," alisema. "Dawa anameza leo."

Alisimama pale dirishani mpaka daktari wa zamu akatoka. Vidonge vilianza usiku ule na viliendelea siku 28, vyote vimetiwa alama ya vema kwenye daftari, pamoja na siku mbili alizotapika akarudiwa. PF3 ilifika kesho yake na daktari akaijaza kwa kile alichokiona mwenyewe.

Halafu nguo. Kanga na nguo ya ndani hazikufuliwa. Alikuwa amehudhuria semina ya dawati la polisi akafundishwa kwamba kielelezo cha namna hiyo hakitiwi kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu huoza humo na kuharibu kila kitu. Kitiwe kwenye karatasi. Makaoni karatasi pekee ya kufaa zilikuwa bahasha za kaki za sadaka. Basi miezi kadhaa baadaye hakimu aliletewa vielelezo vya kesi ya ubakaji ndani ya bahasha zilizopigwa chapa "Ahadi ya Ujenzi wa Kanisa". Nimeambiwa alizigeuza mara mbili, akamtazama mwendesha mashtaka, akazipokea.

Karatasi ambayo haikuwepo

Makao yana leseni. Hilo nililikagua kwanza, maana nyumba nyingi za kanisa huanza na chumba cha ziada cha mchungaji na kuishia na watoto ishirini ambao serikali haijui kama wapo. Hapa leseni ilikuwepo, hai. Kilichokosekana kilikuwa amri ya mahakama kwa mtoto huyu. Binti alikaa wiki saba kwa barua ya mtendaji tu.

Mtoto anayehitaji ulinzi anaweza kupokewa kwa dharura. Hakuna hakimu atakayekulaumu kwa usiku wa kwanza. Lakini baada ya hapo afisa ustawi wa jamii anapaswa kumpeleka Mahakama ya Watoto ipatikane amri ya matunzo, na amri yenyewe ina kikomo: miaka mitatu, au mtoto atimize 18, lolote litakalotangulia. Afisa ustawi hakuwa mzembe. Ana kata nyingi, pikipiki moja, na mafuta ya kuombaomba. Aliyaandikia makao kuuliza kama wanaweza kuchangia lita kumi. Barua ikakaa mezani kwa mhasibu.

Wiki ya saba akaja mwanamume getini akajitambulisha kuwa baba mdogo wa binti. Alikuja na barua ya mchungaji wa kanisa asilolijua mtu, na laki tano kwenye mfuko wa shati. Alitaka mambo "yaishe kindugu". Mama mlezi akamkatalia. Ndipo yule bwana akauliza swali pekee la kisheria lililoulizwa pale getini siku ile:

"Mnamshikilia mtoto wetu kwa karatasi gani?"

Hawakuwa nayo. Mlinzi, mzee wa watu, akafungua geti. Walikaa ofisini saa nzima, na kilichoniuma nilipokisoma ni kwamba mwenyekiti wa makao, mchungaji mwenyewe, aliyumba. Kwenye kumbukumbu za kikao kuna mistari miwili ya mwandiko wake kuhusu kusamehe saba mara sabini. Binti alikuwa kwenye korido anapiga deki. Alisikia.

Nilimwambia mchungaji, kwa heshima ya umri wake, kwamba msamaha ni mali ya aliyekosewa na hatoi mtu mwingine kwa niaba yake. Na kesi haikuwa ya binti wala ya ukoo wake kuiuza. Aliyeshtaki ni Jamhuri. Anayepokea laki tano ili shahidi apotee ameingia kwenye jinai yake mwenyewe, awe baba mdogo au awe mtumishi wa Mungu. Mchungaji hakubisha. Alisema, "Nilichoka tu, ndugu yangu. Siku ile umeme ulikuwa umekatika na unga umebaki debe moja." Namwamini. Shikilia hilo la umeme, tutalirudia.

Jumatatu iliyofuata lita kumi zilipatikana. Amri ikatoka siku hiyohiyo. Yule baba mdogo hakurudi, na mama wa binti alipopigiwa simu alisema hana shemeji wa jina hilo.

Jumapili ya wageni

Mwezi wa nane walikuja wageni: kikundi kutoka kanisa moja la Dar es Salaam na wafadhili wawili wa nje, na mkalimani wao. Makao hupata wageni wa namna hiyo mara mbili kwa mwaka. Umeme, unga, ada na mshahara wa mama mlezi hutegemea watakavyoondoka wakijisikia.

Jumamosi binti aliitwa kwa mama mchungaji wakaandika pamoja ushuhuda, kurasa tatu za daftari. Nimeziona. Mwandiko ni wa mama mchungaji, na sentensi ni za mtu aliyesikia shuhuda nyingi: nilikuwa gizani, sikuwa na tumaini, nilikaa siku tatu bila kula. Hilo la siku tatu halikuwa kweli. Kwa polisi, binti alikuwa amesema alikuwa akila ukoko wa ugali na masalia ya wateja. Ukoko haukuonekana kuwa na uzito wa kutosha. Mama mchungaji hakukusudia kumfundisha uongo. Alikuwa akitengeneza ushuhuda jinsi unavyotengenezwa, giza liwe giza ili nuru ionekane. Kila aliyekulia kanisani anaijua kanuni hiyo. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilishuhudia kuacha pombe ambayo nilikuwa nimeionja mara moja.

Alivalishwa gauni jeupe la kwaya. Mikono ilimzidi, akawa anaikunja huku anasoma, maikrofoni inakoroma. Alipofika ukurasa wa pili alisimama. Kwaya ikampokea kwa pambio, akamalizia. Watu walilia. Sadaka ilikuwa nzuri kuliko ya miaka mitatu iliyopita. Ilinunua umeme na unga hadi Krismasi. Mgeni mmoja alirekodi kwa simu na kuituma kwenye kundi la maombi.

Daftari la usiku, kwa mwandiko wa mama mlezi, lina mstari mmoja kwa tarehe ile: "Amekojoa tena." Alikuwa amemaliza wiki tano hajakojoa kitandani.

Kama ungeniambia nichague ukurasa mmoja wa jalada zima wa kuwaonyesha wanaotaka kuanzisha makao, ningechagua huo. Kipimo cha ushuhuda kilikuwa kimeandikwa humo humo ndani ya nyumba, saa nane za usiku, na mtu wa mshahara mdogo kuliko wote, na hakuna kikao kilichowahi kumwomba asome.

"Niliambiwa niseme"

Kesi ilisikilizwa mwezi wa kumi na moja, faraghani. Binti alikuwa bado hajatimiza 15, kwa hiyo chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi hakuapishwa. Aliahidi kusema kweli na kutosema uongo. Alisema vizuri. Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke mtulivu asiyemkatiza.

Tangu shauri moja la mwaka 2006 Mahakama ya Rufani imekuwa ikirudia kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Kanuni hiyo imewasaidia wasichana wengi ambao hakuna mwingine aliyeona. Lakini ina upande wa pili: kama kesi yote imesimama juu ya mdomo wa mtoto, basi kila mahali mdomo huo ulipowahi kufunguliwa ni mali ya upande wa utetezi.

Video ilikuwa imesafiri. Kutoka kundi la maombi hadi jingine, hadi Urambo, hadi kwa mke wa mshtakiwa. Wakili alijaribu kuitoa kama kielelezo, ikakataliwa kwa kuwa haikutimiza masharti ya ushahidi wa kielektroniki. Hakuihitaji. Alikuwa ameshaitazama.

"Uliwahi kusimama kanisani ukasema ulikaa siku tatu bila kula?"

"Ndiyo."

"Polisi ulisema ulikuwa unakula ukoko?"

"Ndiyo."

"Kipi kweli?"

Akanyamaza. Kumbukumbu za mahakama zinasema alinyamaza. Kisha: "Ukoko."

"Kwa hiyo kanisani, mbele ya Mungu, ulidanganya."

"Niliambiwa niseme."

"Nani alikuambia?"

"Mama mchungaji."

Wakili akakaa. Mtoto wa kuambiwa aseme: ndicho alichokuwa akikitafuta asubuhi yote, na kilitoka makaoni kwenyewe, kimeandikwa kwa mkono, kurasa tatu.

Kilichookoa kesi kilikuwa vitu vya kawaida kabisa. PF3 iliyojazwa na daktari aliyemwona ndani ya saa 72. Bahasha za ujenzi. Muuza matobolwa, aliyekataa kuyumbishwa kuhusu siku ya ndoo. Na mama yake binti, aliyepanda treni kutoka Kigoma akiwa na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa rambo, mwaka umefutika nusu. Umri ni nguzo katika makosa haya, usipothibitishwa hukumu huanguka huko juu. Kadi haikusomeka, lakini mzazi anaruhusiwa kuuthibitisha kwa mdomo wake. Alieleza alijifungua mwaka gani na msimu gani, nani alimpokea, maharage yalikuwa yamefika wapi. Hakimu aliandika yote.

Hukumu ilitoka mwezi wa pili. Hakimu alisema mkanganyiko kuhusu chakula upo, ila haugusi kiini cha kosa. Mshtakiwa alifungwa miaka 30, ambayo kisheria ndiyo ya chini kwa kosa hilo. Amekata rufaa Mahakama Kuu, na kurasa za maswali yale ya wakili zimekwenda nazo.

Shangazi hakushtakiwa. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu mwaka 2008, na kwa mtoto ridhaa yake haihesabiki. Lakini sheria inahitaji mtu wa kumshika, na yeye alikuwa hana jina. Alikuwa shangazi tu.

Nilichowaambia bodi

Niliwaambia ushuhuda wa wasichana ukome. Wote, kwa wageni wote, wenye picha na wasio na picha. Kuna msingi wa kisheria wa kutosha: mashauri ya watoto yana faragha, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini sikuanza na sheria. Nilisoma kwa sauti ule mstari wa daftari la usiku.

Mjumbe mmoja, mama mtu mzima anayeheshimika, alinipinga, na hoja yake ilikuwa na nyama. Alisema yeye alipona siku aliposimama kanisani akasema aliyofanyiwa akiwa msichana. Kabla ya hapo alikuwa akiyabeba peke yake. Nikamuuliza alikuwa na miaka mingapi. Arobaini na mmoja. Nani alichagua siku? Yeye. Nani alichagua maneno? Akanitazama, akasema, "Endelea, mwanangu."

Humo kwenye Biblia wanayoisoma kila alfajiri mna Tamari binti Daudi. Alipobakwa na Amnoni, kaka yake Absalomu alimpa pa kukaa, akamwambia anyamaze. Mahubiri yetu hukemea ukimya ule, na ni sawa. Ila mimi nauona pia mkono wa Absalomu: mwenye nyumba ndiye aliyeamua mdomo wa Tamari ufanye nini. Sisi tumeufungua badala ya kuufunga, kwa maikrofoni, na mkono ni uleule.

Fedha ndiyo iliyochukua muda mwingi wa kikao, na hapo ndipo nilipotaka wakae. Makao hupata msaada kwa kichwa cha mtoto, na picha yake kila robo mwaka. Kwa mpango huo msichana anayerudi kwao ni hasara, na msichana anayelia jukwaani ni faida. Hakuna mtu mbaya hapo. Mahesabu ndiyo mabaya. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inataka makao yawe ya lazima tu na kwa muda mfupi inavyowezekana, na nchi yetu huzungumza lugha hiyohiyo. Lakini huwezi kumwambia mtunza hazina apende kitanda kitupu wakati mfadhili anamuuliza mtoto wake yuko wapi. Waliandika barua mpya kwa wafadhili wakiomba wachangie nyumba, si mtoto. Wawili wamejitoa. Mmoja kati ya wale wa nje amebaki na kuongeza. Unga umekuwa mwembamba tangu hapo, nisiwadanganye.

Mengine yalikuwa mepesi: amri ya mahakama ndani ya siku chache, mafuta ya afisa ustawi yawe kwenye bajeti, mlinzi asimfungulie mtu asiye na karatasi ya ustawi, mama mlezi akae kwenye bodi. Hili la mwisho liliwashangaza. Sasa anahudhuria, na daftari lake.

Kasulu

Makao yalitaka binti abaki hadi kidato cha nne. Lilikuwa jambo jema na walikuwa na mfadhili tayari. Afisa ustawi alimuuliza mwenyewe, nje, chini ya mwembe, mama mchungaji akiwa mbali. Binti akasema anataka kwenda nyumbani, na cherehani.

Ilichukua miezi minne. Afisa ustawi wa Kasulu alimtembelea mama mara tatu, akaongea na mwalimu mkuu, akaongea na jirani kujua nani anakaa nyumba ile. Shule aliingia darasa la MEMKWA, wale wanaofidia miaka waliyoikosa, na jioni anajifunza kushona kwa fundi wa pale sokoni. Mama mlezi alimsindikiza kwa treni. Alimpa namba yake na kumkaririsha 116, ile ya bure ya watoto. Zile kurasa tatu binti aliziomba kabla ya kuondoka. Sijui alizifanyia nini na sikuuliza.

Wiki mbili kabla sijaandika haya alimpigia mama mlezi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kutoka stendi alikopeleka nguo za mteja. Hakusalimia.

"Mama, nimemwona shangazi. Ana mabinti wawili. Mmoja ana sare ya shule, ameivalia sweta juu."

Mama mlezi akamuuliza kama yuko salama, na kama anataka kuendelea kusema au amwachie mtu mzima aliye karibu. Akasema anataka kusema. Alikuwa ameandika namba ya basi kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, na rangi ya kitenge cha yule mama, na saa. Alivisoma kimoja kimoja, polepole, mama mlezi akiandika.

Basi lilisimamishwa kabla ya Malagarasi. Mabinti walikuwa wawili, kama alivyosema. Shangazi alikuwa ameshashuka Uvinza.